Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Makaratasi na Ridhaa

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wafungishaji ndoa, salaam. Najua wengi wenu huwa mnairuka taarifa hii na kukimbilia kwenye ada, sasa ada nimeiweka mwisho kabisa makusudi.

Kazi mwaka huu zilikuwepo na malalamiko pia yalikuwepo, nimeyasoma yote na hakuna hata moja linalosema mfungishaji hakujua kuongea. Kuongea tunajua, tena wengine tunajua kupita kiasi (na mimi nimo). Matatizo yako kwingine kabisa, jina la bwana harusi limekosewa kwenye cheti, mtu kapokea harusi mbili siku moja akafika ya pili wageni wameshachoka kukaa, mwingine kaposti picha ya bibi harusi analia kabla mwenyewe hajaiona. Na kuna moja limeninyima usingizi, nitalifikia.

Kwanza notisi, yaani ile taarifa ya maandishi kwamba wawili wanakusudia kuoana. Jamani kila nchi ina hesabu yake na haibebeki kwenye begi. Australia notisi lazima imfikie mfungishaji angalau mwezi mmoja kabla ya ndoa na isizidi miezi 18, Kenya na Tanzania ndoa ya kiserikali inaanzia siku 21, New Zealand wao wana leseni ambayo muda wake ni miezi 3 ukipita imekufa inabidi waombe upya. Mwenzetu mmoja alihama nchi akahama na kalenda ya alikotoka, kuja kugundua, siku hazitoshi, tarehe ikasogezwa na wageni walikuwa wameshakata tiketi za ndege. Alirudisha hela yote, nampongeza kwa hilo, ila ile siku haikurudi. Na huo muda wa notisi si urasimu wa bure, ndo muda wako wa kukagua kama kuna ambaye bado ana ndoa nyingine, uione hati ya talaka kwa macho yako au cheti cha kifo cha mwenza wa kwanza, sio kuambiwa "tuliachana zamani" ukaandika.

La pili ni mamlaka yako yenyewe, una kibali cha kufungisha ndoa au una kipaji cha kuongoza sherehe tu? Vyote ni halali lakini ni vitu viwili. Scotland ndoa za wahumanisti (watu wanaofuata misingi ya utu bila dini) zinatambulika kisheria tangu 2005, ukivuka kwenda England na Wales sherehe ileile, maneno yaleyale, machozi yaleyale, peke yake haifungi ndoa mpaka wapite pia kwa msajili wa ndoa. Kama eneo lako ndivyo lilivyo waambie maharusi kwa maandishi kabla hujapokea hata advansi. Watu wanakuja kugundua hawana ndoa siku mmoja amefariki na mwenzake anafuatilia mirathi, na wakati huo ukisema "nilidhani wanajua" hakuna anayekusikiliza.

Sasa lile la usingizi. Mwanamke mmoja alituandikia baada ya harusi yake kwamba hakupewa nafasi ya kukataa. Nikamwita mwanachama wetu, akaja na faili lake safi kabisa, notisi ipo, sahihi zipo, mashahidi wawili wapo, akaniambia mwenyekiti huyu dada nilimuuliza akasema ndiyo. Nikamuuliza, ulimuuliza kwa lugha gani? Kumbe alitafsiriwa na shangazi wa mume mtarajiwa, chumba kimejaa ndugu, na vikao vyote vitatu vilikuwa hivyohivyo. Hakusema uongo yule mwanachama, ile ndiyo aliisikia kweli, ila ilikuwa ndiyo ya shangazi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1962 kuhusu ridhaa ya ndoa unataka ridhaa itolewe na wahusika wenyewe, mbele ya mashahidi na mbele ya mwenye mamlaka ya kufungisha. Huyo wa mwisho ni sisi! Hatukuwekwa pale kupendezesha picha. Australia wameshaliingiza kwenye sheria, tangu Juni 2024 mfungishaji lazima aonane na kila mmoja peke yake, ana kwa ana, kabla ya kufungisha. Kamati imeamua hiyo iwe kanuni yetu wote hata mahali ambapo sheria haijasema, na mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote, na asiwe rafiki aliyeleta posa.

Kuna waliolalamika kwenye grupu kwamba tunawafanya maharusi waonekane washukiwa. Naelewa, hata mimi mara ya kwanza niliona aibu, nilimwomba bwana harusi atoke nje dakika kumi akanitazama kama mwizi. Ila namna ya kuuliza ipo. Mi huwa naanza na mambo madogo, unataka niseme jina lako lipi, kuna mtu hutaki nimtaje kwenye hotuba, halafu ndo nauliza na ungependa hii ndoa isogezwe mbele kidogo au tarehe iko sawa? Mwenye raha anacheka anasema tarehe iko sawa. Asiye na raha huwa ananyamaza kwanza, na hapo funga mdomo, subiri, usimjazie jibu. Akikwambia hataki, hufungishi, na sababu utakayowapa ndugu isimtaje yeye, na uwe na namba za watu wa msaada za eneo lako tayari kwenye simu sio uanze kutafuta siku hiyo.

Hiyo ridhaa inakaguliwa pia siku yenyewe. Mmoja wao akija amelewa hajui alipo, unasimamisha, hata kama bendi imeshaanza.

Mengine kwa haraka. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho halafu mwombe mwenyewe alitamke ulirekodi kwenye simu. Picha za watu ni za watu. Ukilipwa kamisheni na mwenye ukumbi ili umpelekee maharusi, waambie maharusi, kama unaona aibu kuwaambia basi ushajua jibu. Na uwe na mwenzako mliyekubaliana atakushikia nafasi ukiumwa, awe na kibali kama chako, sio shemeji yako mwenye sauti nzuri.

Haya, ada. Haijapanda. Ila kuhuisha uanachama safari hii unaleta na fomu ya kikao cha faragha kwa kila ndoa uliyofungisha tangu kanuni ipite, mbili kwa kila ndoa, moja ya kila mhusika, katibu hatapokea moja. Yule mwanachama wa faili safi amesimama kazi kwa hiari yake mpaka amalize mafunzo upya, na yule dada anasaidiwa na mwanasheria, ameomba tusiseme zaidi ya hapo na sisemi.