Pambano la Mbeya litaamuliwa kwenye mbavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu pambano la raundi 10 linalosubiriwa hapa Mbeya, kati ya bondia wetu, ambaye husonga mbele muda wote na kupiga kwa nguvu akiwa karibu, na mgeni kutoka Dar es Salaam, bondia mrefu wa mkono wa kushoto anayependa kupigana kwa mbali huku akizunguka ulingo. Kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole wengi wanasema mgeni hatavuka raundi ya tatu. Sikubaliani nao, ingawa naamini ushindi utabaki Mbeya.

Raundi nne za mwanzo zitakuwa za mgeni. Miguu yake itakuwa bado myepesi, na ngumi yake ya kunyoosha ya mkono wa kulia, ambao kwake ndio wa mbele, itamfikia bondia wetu kabla hajaingia ndani. Mashabiki wasikate tamaa wakiona hivyo, na zaidi ya yote wasimpigie kelele bondia wetu atafute kichwa. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wakati huo, aliingia ulingoni Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 akiwa amezoea kumaliza mapambano mapema, akatumia nguvu zake zote kumshambulia Muhammad Ali aliyeegemea kamba, na katika raundi ya nane akaangushwa akiwa hoi.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa mabondia Roberto Durán, aliyesonga mbele kama wetu, na Sugar Ray Leonard, mwepesi wa miguu kama mgeni. Mwezi Juni 1980, mjini Montreal, Leonard alikubali kusimama na kubadilishana ngumi, na Durán akashinda kwa pointi baada ya raundi 15. Novemba mwaka huohuo, mjini New Orleans, Leonard alitumia miguu, naye Durán akaacha kupigana katika raundi ya nane. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni umbali kati yao.

Kwa hiyo bondia wetu asimkimbize mgeni, bali amzibie njia. Mgeni atapenda kuzunguka kuelekea kulia kwake ili aukwepe mkono wa kulia wa mwenzake, na hapo ndipo bondia wetu anapaswa kupiga hatua ya pembeni kwa mguu wa kushoto, amsogeze kwenye kona, kisha ashushe ngumi ya kushoto ya kuzungusha chini ya kiwiko. Ngumi hiyo hulenga ini, ambalo liko upande wa kulia wa mwili, na kwa bondia wa mkono wa kushoto upande huo ndio unaotangulia.

Tusisahau hewa yetu. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mtu wa pwani huhitaji wiki kadhaa kuizoea. Kama mgeni atafika siku chache tu kabla ya kupima uzito, miguu yake itaanza kuwa mizito kuanzia raundi ya sita, naye atalazimika kumkumbatia mpinzani ili apumzike. Mwamuzi akiwaachanisha haraka, pambano litaisha kati ya raundi ya nane na ya tisa. Akichelewa, litafika mwisho na bondia wetu atashinda kwa pointi chache.

Mpenzi wa ngumi,
Uyole, Mbeya