Barua kwa mwanangu anayetaka kuhamia Bangkok

Mwanangu, baba yangu,

Nimeisoma barua yako. Umechoka na ofisi, unataka ubebe kompyuta yako ukaishi Bangkok, kwa kuwa rafiki zako wanasema huko mtu anaishi kifalme kwa hela ndogo. Sasa mimi niko hukuhuku, shanta mgongoni, nalala hosteli ya Banglamphu, mtaa wa hapa Bangkok, kitanda cha juu cha dabodeka, na umri huu wangu. (Ngazi yake na magoti yangu havielewani, lakini tuyaache hayo.) Mahekalu nimeyaona, ni mazuri mno, picha utazipata. Ila waliovuta macho yangu zaidi ni wageni wenzangu, maana hao ndio unaotaka kuwa mmoja wao.

Nianze na vijana wenye mashanta. Barabara ya Khao San ni fupi, haifiki hata nusu kilomita. Nyumba za wageni zilianza kushamiri hapo miaka ya themanini, wakati mji ulipoadhimisha miaka 200 mwaka 1982, na wasafiri wa bei nafuu hawajaiacha tangu hapo. Utawakuta Waisraeli waliotoka jeshini, Waingereza na Waaustralia wanaosubiri chuo, na waliovunja ndoa na kazi kwa mpigo mmoja. Maswali yao hayabadiliki: umetoka wapi, unaelekea wapi, ulilipa ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalogawa vyeo. Aliyelala pabovu zaidi kwa bei ya chini zaidi ndiye mkubwa wa chumba. Nilimwona mmoja akivutana na mama muuza maembe kwa baht 10 (baht ndiyo hela ya huku Thailand), na usiku uleule akanunua pombe ya ndoo (huku inauzwa kwenye kindoo cha plastiki, mirija juu) bila kuuliza bei. Hata hivyo siwachukii. Wananiamkia, wananishikia mzigo nikipanda, na wanajua kwamba wanapita tu.

Walionitia mawazo ni waliokaa.

Ukipanda treni ya juu ukashuka barabara ya Sukhumvit, unakutana na wageni wa aina nyingine. Kwenye vituo vya Phrom Phong na Thong Lo, Wajapani wana maduka yao na migahawa yenye vibao vya kwao. Kule Nana kuna vichochoro vya migahawa ya Kiarabu, shisha mlangoni. Na kila mahali wamo wazee wa Kizungu waliostaafu. Sheria inawataka wawe wametimiza miaka 50, na njia moja ya kuonyesha uwezo ni kuwa na baht 800,000 benki. Kila baada ya siku 90 wanaripoti anwani yao uhamiaji. Ardhi hawawezi kuimiliki. Fleti wanaweza, lakini wageni wote kwa pamoja hawaruhusiwi kuvuka asilimia 49 ya eneo la vyumba vya jengo. Mtu anaweza kuzeekea hapa na bado kila mwaka akapanga foleni na kitabu cha benki mkononi. Kwa hiyo ukikaa nao kwenye baa, maongezi ni viza tu: nani kaongezewa, nani kapitiliza siku na anatozwa baht 500 kila siku hadi zifike 20,000.

Baada ya viza ni malalamiko. Kwamba mji umeharibika, zamani palikuwa raha, "hawa watu" hawafiki kwa wakati. Na hao "hawa watu" mmoja wao amesimama palepale akiwamiminia bia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine hapa wamemaliza miaka kumi na jembe hawajaligusa, yaani Kithai chao kinaishia kwenye salamu na kuagiza chakula. Ni lugha ya toni tano, ngumu kweli, lakini miaka kumi, mwanangu?

Kipimo changu mimi ni saa 12 jioni. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni, na abiria wote wanasimama walipo. Mtalii wa jana anaendelea kutembea, kisha anashtuka, anaganda mguu mmoja mbele. Mwenye adabu hata kama ni mgeni ametulia tayari. Na yuko yule mkazi wa miaka mingi anayepenya katikati ya watu waliosimama, simu sikioni. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linakuhusu wewe kuliko hao. Nilipokwenda Pratunam, kwenye soko la nguo la jumla, kila kibanda kiliniuliza nataka dazeni ngapi. Ngozi yangu kwao ni mfanyabiashara, maana Waafrika wengi huja pale kufunga mzigo wa kupeleka nyumbani. Niliwaona kina mama wakikanyagia mashati kwenye marobota na kubishana kuhusu kilo, wakitaja bei kwa Kithai bila kigugumizi. Na hosteli yetu, anayefua mashuka ni dada kutoka Myanmar. Yeye ni mgeni kama yule mstaafu wa Sukhumvit. Tena wageni wanaofanya kazi nchi hii wengi wao ni vibarua kama yeye, kutoka Myanmar, Laos na Kambodia. Lakini kwenye zile jioni za wageni kufahamiana, zinazobandikwa ukutani kwetu, hakuna aliyefikiria kumwalika, ingawa yeye ndiye anayetutafsiria tukikwama na fundi.

Utakapofika, watu watakuweka kwenye fungu moja kabla hujafungua mdomo, na huenda lisiwe lile ulilojichagulia kwenye picha za rafiki zako. Jiandae kwa hilo bila kununa.

Kuhusu hesabu: ile viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao, iliyoanza 2024, inadumu miaka 5 na kila unapoingia unapewa siku 180. Inataka uwe na akiba ya baht 500,000. Nakufahamu wewe na akiba. Ukiwa nayo, niambie nikutafutie chumba upande wa pili wa mto Chao Phraya, Thonburi, mbali na Khao San na mbali na baa za Sukhumvit. Ukiwa huna, njoo kama mimi, kwa wiki chache, na mimi nitakuachia kitanda cha juu.

Mama yako