Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: muziki haujaoza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nimeisikia kauli yako kwamba muziki wa siku hizi umeoza, na kwamba redio zipunguze nyimbo mpya zirudishe zilipendwa. Nimefundisha muziki maisha yangu yote ya kazi, na hizo zilipendwa nazipenda mno. Hata hivyo naomba uirudie kauli hiyo kabla haijawa agizo.

Lawama hii ina umri mrefu. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwaonya watu wa zama zake kwamba kubadili mitindo ya muziki ni kuitikisa dola yenyewe. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaani dansi ya waltz kuwa ni uchafu, kwa sababu wachezaji walikuwa wakikumbatiana. Mwaka 1921 jarida moja la wanawake la Marekani liliuliza kama jazi inaingiza dhambi katika mdundo. Leo jazi inafundishwa vyuo vikuu.

Tena wakati hutuchujia. Mwaka 1969, mwaka uleule wa tamasha maarufu la muziki la Woodstock, Marekani, wimbo uliotajwa na jarida la muziki la Billboard kuwa namba moja wa mwaka ulikuwa wa bendi ya katuni, yaani ya wahusika wa kuchorwa. Nyimbo dhaifu za ujana wetu tumezisahau, zimebaki vibao. Kisha tunavichukua vibao hivyo, vilivyochujwa kwa miongo kadhaa, tunavishindanisha na kila kilichotoka wiki hii. Hata umri una mkono wake: watafiti Holbrook na Schindler walionyesha mwaka 1989 kwamba watu huzipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na miaka karibu 24. Mimi na wewe tumeupita umri huo siku nyingi.

Sisemi kwamba hakuna kilichopungua. Mwaka 2012 mtafiti Joan Serrà na wenzake walichambua rekodi zaidi ya 400,000 za kuanzia 1955 hadi 2010, wakakuta noti zinafuatana kwa njia chache zaidi kuliko zamani, ladha za sauti zinafanana zaidi, na nyimbo zimezidi kuwa na kelele. Hili la kelele nimewaonyesha wanafunzi wangu kwenye kompyuta. Mawimbi ya wimbo wa zamani yalikuwa vilima na mabonde: mwimbaji akinong'ona yanasinyaa, tarumbeta zikiingia yanapanda. Wimbo mpya ulikuwa tofali, umejaa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Darasa zima lilinyamaza.

Lakini tofali lile halikufyatuliwa na kijana asiye na kipaji. Lilitokana na ushindani wa kampuni, kila moja ikitaka wimbo wake usikike juu ya wa jirani. Vivyo hivyo utangulizi wa ala: katika nyimbo kumi bora za Marekani ulikuwa zaidi ya sekunde 20 katikati ya miaka ya 1980, na kufikia 2015 ulibaki kama sekunde 5. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haihesabu wimbo kuwa umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, basi nani atathubutu kumchelewesha msikilizaji? Hata santuri za zamani zilibana dakika tatu hivi kila upande, na watunzi wakatunga humohumo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniwekea wimbo anaoupenda. Nikamwambia hauna melodi, noti mbili tu. Akajibu, "Mwalimu, usisikilize juu, sikiliza chini." Nikarudia. Besi ilikuwa inachelewa kidogo, kiasi cha unywele, na kila mzunguko wa nne ngoma inahama mahali pake. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara tatu bila kuusikia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, redio ziache zipige. Penye mkono wako ni kwingine: vipindi vya muziki vinavyofutwa kwenye ratiba kila mtihani unapokaribia, ala zinazokosekana, na malipo ya mtunzi kwa kila wimbo unaosikilizwa mtandaoni. Kijana aliyeshika gitaa kwa miaka mitatu atavitafuta vibao vya zamani mwenyewe, bila kuamriwa.

Darasani kwangu kuna magitaa mawili na wanafunzi arobaini. Karibu siku yoyote. Njoo na wimbo wako wa ujanani, tuusikilize wote, kisha yule mwanafunzi akuwekee wa kwake.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa muziki