Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: Tukiwaonyesha watoto kisa cha Jamie, Katie tumweke wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya bweni, na kwa kuwa mtaala mpya wa 2020 umelifanya somo hili kuwa la lazima Kidato cha Kwanza na cha Pili, karibu kila mtoto wa shule yetu hupita mikononi mwangu. Nakuandikia kuhusu Adolescence, ile tamthilia ya Waingereza iliyotoka Netflix Machi 2025. Walimu wenzangu kadhaa na baadhi ya wazazi wanataka ionyeshwe shuleni. Hoja yao ni kwamba Uingereza imeshafanya hivyo: Waziri Mkuu wao, Keir Starmer, aliitazama na watoto wake, kisha akaunga mkono ionyeshwe bure katika shule za sekondari za kwao. Wazo hilo likifika mezani kwako, naomba barua hii iwe imetangulia.

Kwa ambaye hajaiona: ina sehemu nne, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi hata kidogo. Alfajiri polisi wenye bunduki wanavunja mlango wa nyumba ya fundi bomba, wanapanda ngazi, wanamkuta mtuhumiwa kitandani. Anaitwa Jamie, ana miaka 13, na kwa hofu amejikojolea. Anadaiwa kumchoma kisu msichana wa shule yao, Katie, hadi kufa. Baba yake anakaa naye kituoni, mtoto anakana na kukana, halafu polisi wanawawekea mkanda wa kamera ya usalama, na baba anaona kwa macho yake. Hapo sehemu ya kwanza inaishia. Hakuna tena fumbo la nani kaua. Zilizobaki zinauliza imekuwaje.

Ya tatu ndiyo kazi kubwa. Chumba kimoja, Jamie na mwanasaikolojia aliyetumwa kumpima kabla ya kesi. Mama wa watu kamletea chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi yake. Mtoto anacheka, anachokoza, anajipendekeza, ghafla anasimama na kumfokea mpaka unataka kurudi nyuma kwenye kiti chako. Kuna mahali anajitetea: alikuwa na kisu, angeweza kumshika Katie popote mwilini, na hakumshika. Wavulana wengine wangemshika. Sasa yeye si afadhali? Mheshimiwa, nimekaa na wavulana wengi waliokosea, na hesabu ya namna hiyo naijua. Mtoto mwenye hatia akichoka kusema hakufanya, husema wengine wangefanya zaidi. Aliyeandika maneno yale aliwahi kuwasikiliza watoto. Mwishoni, Jamie akiwa anatolewa nje kwa nguvu, anachopigia kelele ni kama yule mama anampenda, japo kidogo. Kijana aliyeigiza, Owen Cooper, hakuwa na uzoefu wowote wa kamera kabla ya hapo, na Septemba 2025 alipewa tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Stahili yake.

Sasa linalonikera. Katie hayupo. Tunamwona kwenye picha, tunamwona kwenye mkanda akishambuliwa, basi. Mama yake hatumjui, chumba chake hatukiingii. Katika sehemu ya pili askari wa kike anamlalamikia mwenzake kwamba watu watamkumbuka Jamie, na Katie hatakumbukwa na mtu. Yaani waandishi waliliona jambo hilo, wakalitia mdomoni mwa mhusika, kisha wakaendelea vile vile. Rafiki yake, Jade, anapewa dakika chache za kumlilia, anampiga mvulana mmoja pale shuleni, na baada ya sehemu hiyo hatumwoni tena.

Sehemu ya nne yote ni ya kwao Jamie. Baba anatimiza miaka 50, gari lake la kazi limepakwa tusi kwa rangi, na mtoto anapiga simu kutoka kizuizini kusema atakiri kosa. Baba na mama wanakaa chumbani kutafuta walipoteleza. Baba alikuwa akichapwa mkanda na baba yake, akaapa hatawafanyia hivyo wanawe, na akatimiza. Walimnunulia mtoto kompyuta, wakamwacha nayo chumbani wakidhani humo yuko salama. Mwisho kabisa baba anainamia kitanda cha mwanawe na kulia. Nililia naye. Halafu nikakasirika, maana machozi yangu yote yalikuwa yameishia upande wa aliyeua.

Muhula uliopita, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, niliwaonyesha Kidato cha Tatu. Jumamosi jioni ukumbini, projekta juu ya sanduku la chaki, jenereta ikinguruma nje, nami nikisimamisha kila mara kueleza Kiingereza cha kaskazini mwa Uingereza, ambacho hata mwalimu wetu wa Kiingereza kilimtoa jasho. (Heri hivyo kuliko kwenye kibanda cha video. Vijei wetu nawaheshimu sana. Mtu anayekaa na maikrofoni akaitafsiri filamu nzima kwa Luganda papo kwa papo ni msanii kamili. Lakini vijei havumilii ukimya, na tamthilia hii ukimya ndio nusu yake. Atamtia Jamie utani mdomoni, na watu watacheka pasipostahili.)

Sehemu ya pili haijaisha, wavulana kadhaa walikuwa wameshahukumu: msichana alimchokoza. Ni kweli kwamba Katie alimdhihaki Jamie mtandaoni kwa vile vialama vya simu (emoji), ambavyo mpelelezi mzima hakuvielewa mpaka mwanawe alipomfafanulia. Lakini kabla ya hapo picha ya Katie akiwa kifua wazi ilikuwa imesambazwa kwa wanafunzi, na Jamie akachagua wakati huo huo kumtongoza, kwa hesabu kwamba msichana aliyefedheheka hatakataa. Hilo linasemwa sehemu ya tatu, tena kwa haraka, na usipokuwa makini linakupita. Nilirudisha nyuma walisikie. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akawageukia wavulana: "Na hiyo picha kusambaa, ilikuwa kosa la nani?" Wakabishana mpaka kengele ya kulala. Vipindi vyangu vya insha havijawahi kuwasemesha hivyo.

Usikubali ukiambiwa haya ni mambo ya Wazungu na sisi simu tumezikataza shuleni. Likizo je? Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, waliotufundisha sisi walimu kutumia VPN, ile programu ya kupenya palipofungwa, ni watoto. Ile hesabu ya 80 kwa 20 inayoenezwa mtandaoni, kwamba eti asilimia 80 ya wanawake wanawataka asilimia 20 tu ya wanaume, baadhi ya wavulana wangu waliijua kabla tamthilia haijaitaja.

Swali lililonipeleka kuandika barua hii aliliuliza mvulana wa nyuma kabisa: mbona katika shule ile hakuna aliyefukuzwa? Hakuwa anatania. Kwake yeye kosa likitokea shuleni, hatua ni moja, na ameiona ikichukuliwa.

Mimi pia nimeiona, na shule yenyewe haina haja ya kutajwa. Mvulana wa Kidato cha Pili aliiba shilingi elfu 60 kwenye sanduku la mwenzake bwenini. Aliiba kweli, alikiri. Asubuhi akaitwa mbele ya paredi, akachapwa, ingawa viboko shuleni vilipigwa marufuku na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Kufika saa nne alikuwa na barua ya kufukuzwa mkononi, sanduku limefungwa kwa mpira nyuma ya boda, godoro limekunjwa juu yake. Nikamtafuta yule aliyeibiwa. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa darasa lake, mikono nyuma, kama wengine. Zile elfu 60 zilikuwa nauli yake na matumizi ya muhula mzima. Hakuna aliyemuuliza neno. Hakulipwa hata shilingi, hakuombwa radhi, maana wa kumlipa na wa kumwomba radhi alikuwa ameshapandishwa boda. Na wiki zilizofuata wenzake wa bwenini walimnunia, eti kwa kumfukuzisha mtu.

Hapo ndipo naona tamthilia ile na paredi yetu zinakutana, Mheshimiwa. Wao wanamlilia aliyekosa, sisi tunamtupa nje ya geti, na huku na kule aliyekosewa hana pa kukaa.

Sheria yetu wenyewe haiko hivyo. Hapa Uganda mtoto aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai. Uingereza kiwango ni miaka 10. Makosa madogo ya mtoto, kama wizi, kupigana au kuharibu mali, Sheria ya Watoto inayapeleka kwenye mahakama ya kijiji, ile ya LC1 (baraza la kijiji), tena inaitajia cha kuamua: upatanisho, fidia, kurudisha kilichochukuliwa, kuomba radhi, onyo. Inaweza pia kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu kwa muda usiozidi miezi 6. Kumfunga haina ruhusa. Kwa hiyo mvulana yule angeiba kuku wa jirani, angekalishwa chini na wazee, mwenye kuku angesikilizwa, na kuku angelipwa. Kwa kuwa aliiba shuleni, mahali penye walimu wenye shahada, hata hilo lilikosekana.

Kosa zito kama la Jamie haliishii kijijini, hilo linajulikana. Lakini hata kwa kosa ambalo mtu mzima angehukumiwa kifo, mtoto hapa hazuiliwi zaidi ya miaka 3, na kituo cha taifa cha kuwarekebisha ni Kampiringisa, kule Mpigi. Nilipowaeleza wanafunzi, wasichana walikasirika. Miaka 3, na Katie je? Sikuwa na jibu la kuwatosheleza, na bado sina. Sioni haki kumfungia mtoto wa miaka 13 maisha yake yote. Wala sioni kwamba hasira ya wasichana wale ilikuwa ya bure.

Basi ninachoomba. Ukiamua ionyeshwe, ianze kwa wazazi, siku ya kutembelea watoto, na waone hiyo sehemu ya nne, maana ni ya kwao. Wanafunzi waanzie Kidato cha Tatu, mwalimu awepo, asiwawashie akaenda zake kunywa chai. Na mjadala ufunguliwe kwa Katie: nani alimkosea kabla ya kisu, nani aliona akanyamaza. Mkianzia kwa Jamie, hamtatoka kwa Jamie.

La pili ni kubwa kuliko tamthilia yoyote. Toa waraka kwamba sekondari isimfukuze mtoto kabla hajakalishwa pamoja na yule aliyekosewa, mzazi akiwepo, na kwamba radhi na malipo vitangulie barua. Wakikuambia ni mzigo, wakumbushe kwamba wizara yako ilishabeba uzito kuliko huo: mwongozo wa 2020 ulimfungulia msichana aliyejifungua njia ya kurudi darasani, wakati shule nyingi zilizoea kumfuta kwenye rejista. Ikiwa yeye tumemwandikia njia ya kurudi, mwizi wa elfu 60 naye tunaweza kumwandikia njia ya kulipa. Halafu mwalimu wa ushauri nasaha apewe muda. Kwetu ni mwalimu wa Baiolojia mwenye vipindi kamili. Mtoto mwenye jambo moyoni anamsubiri mlangoni mwa maabara, na akichoka kusubiri anaondoka nalo.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu ananiambia ninalea wahalifu, na kwamba shule yenye mamia ya watoto haiwezi kugeuka mahakama. Ana hoja, siikatai. Mtoto aliyekamatwa na kibiriti na petroli karibu na bweni siwezi kumwambia aombe radhi kisha akalale. Katika nchi iliyowazika wasichana wa shule ya msingi ya Budo Junior baada ya moto wa Aprili 2008, hakuna mwalimu anayechezea moto, hata chanzo chake kiwe nini. Kufukuza kutakuwepo. Ninachotaka ni kuwe mwisho wa kusikilizana, kusiwe njia ya kukwepa kusikiliza.

Muhula wa Pili unafunguliwa mwishoni mwa Mei. Siku ya wazazi tumepanga kuionyesha ile sehemu ya nne, na mkuu wa shule amekubali kutoa mafuta ya jenereta. Waraka ukiwa umetoka, nitawasomea wazazi siku hiyo hiyo. Usipotoka, nitawasomea barua hii.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Busia.