Mama mdogo, naomba umrudishie mdogo wangu kitabu chake

Shikamoo mama mdogo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu uliyoniambia nimeyasikia pia kwa mama za rafiki zangu, na kwa sababu tukikaa sebuleni kwako huwa naishia kuitikia "sawa" tu. Umemnyang'anya mdogo wangu kitabu. Ulisema mtoto aliyefiwa hapaswi kusoma mambo ya mazimwi na makaburi, asome Zaburi. Najua unampenda. Tangu mama afariki ni wewe unayemlisha na kumlipia ada, na ndiyo maana naomba unisikilize hadi mwisho.

Kitabu hicho ni A Monster Calls cha Patrick Ness, kilichotoka mwaka 2011. Wazo lake lilikuwa la mwandishi mwingine, Siobhan Dowd, ambaye saratani ilimchukua mwaka 2007 kabla hajakiandika. Ness akalipokea wazo la marehemu, akaandika.

Conor, mhusika mkuu, ana miaka 13 na mama yake anaumwa. Saa sita na dakika saba usiku mti wa makaburini unageuka jitu, linakuja hadi dirishani kwake. Nadhani ulifika hapo ukakifunga. Lakini jitu lile halikuja kumla. Linamsimulia hadithi tatu, kisha linamtaka yeye asimulie ya nne: ile ndoto inayomtesa ambayo hajathubutu kumwambia mtu. Na kinachomtisha ndani ya ndoto hiyo ni kwamba alitamani yaishe. Alimpenda mama yake kuliko chochote, akachoka, akatamani yaishe.

Mama mdogo, miezi ile ya mwisho mimi ndiye niliyelala sakafuni, pembeni ya kitanda cha mama. Unakumbuka alivyokuwa: uji wa ulezi unapita nusu kijiko, unasubiri, unamfuta mdomo, unajaribu tena, na mara nyingi unarudi wote kwenye kanga. Alfajiri aliyofariki, kabla machozi hayajaja, nilishusha pumzi. Nikajiona muuaji. Ningemwambia nani? Nje turubai linafungwa, akina mama wanamenya ndizi, mtu ameshika daftari la rambirambi, na kila anayenikumbatia ananiambia nijikaze, wadogo zangu wananitazama. Tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, jirani na bibi. Wa Dar wakarudi Dar, turubai likaenda kwenye msiba mwingine. Ile pumzi ya alfajiri nikabaki nayo peke yangu, hadi nilipomkuta kijana wa Uingereza akiisema mbele ya jitu, na jitu lisimhukumu. Lilimweleza kwamba moyo wa mtu unaweza kubeba mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja, na yote yakawa kweli. Nilisoma ukurasa ule nikalia kilio ambacho sikulia kaburini.

Ndiyo maana nazifuata hadithi hizi za giza. Damu hainivutii, vitabu vinavyoua mtu kila sura ili msomaji ashtuke naviacha njiani. Na vile vinavyofufua wafu bila gharama yoyote vinatudanganya sisi tuliozika. Navipenda vile ambavyo falme, uchawi na mazimwi vyote vimewekwa kwa ajili ya mtu mmoja na kile alichopoteza. Majonzi hayana umbo. Unaamka nayo, unapanda nayo daladala, hakuna anayeyaona. Hadithi inayapa kucha na sauti, na ukishayaona ukubwa wake unaweza kubishana nayo, hata kuyakasirikia. Msibani nani angeniruhusu nikasirike?

Wala haya si mageni kwetu. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alimwandika mtu anayelazimika kuwachapa ndugu zake waliogeuzwa manyani, na bado anawapenda. Tunakiheshimu kitabu kile, na sijawahi kusikia mtu akisema kinaita mashetani. Ni uchungu wa undugu uliovalishwa ngozi ya nyani.

Zaburi, sawa, asome. Ila mwanzishie na ya 88. Nyingine nyingi hulia kisha zikamalizia kwa sifa. Hiyo inaanza na kilio na kuishia gizani, na walioikusanya hawakuiongezea mstari wa faraja. Labda waliona aliyefiwa anaihitaji jinsi ilivyo.

Mdogo wangu hajalia tangu mazishi. Wewe unamwita jasiri. Mimi namwona jioni amekaa nyuma ya nyumba, anabandua rangi ya ukuta kwa ukucha, kipande kwa kipande, na ukimwita anajibu "nipo" bila kugeuka. Sina uhakika kama kitabu kitamfungua. Ila alikichagua mwenyewe, na alikuwa amefika katikati.

Mrudishie, mama mdogo. Ukitaka kisome wewe kwanza. Aliyekufa alikuwa dada yako, na sijawahi kukuona ukipata nafasi ya kulia na wewe. Kama Kiingereza chake kinachosha, Jumapili baada ya ibada nitakuja hapo Kiboriloni nikusimulie chote kwa Kiswahili, na tutamwita naye akae nasi.