Mapishi ya Watelugu nayo yapewe nafasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kurasa zenu za mapishi zinapogusa chakula cha Kihindi huishia kwenye biriani na chapati, jambo linalotusikitisha sisi tuliosoma Hyderabad na kula kwa wenyeji Watelugu, kwa kuwa jiko la nyumbani la majimbo yao ya kusini mwa India, Andhra Pradesh na Telangana, lina mambo yake. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akiloweka choroko usiku, asubuhi akizisaga pamoja na tangawizi na pilipili mbichi, kisha akilimimina rojo hilo juu ya chuma cha moto na kulitandaza kwa mgongo wa upawa mpaka kingo zikauke. Hiyo ndiyo pesarattu, ambayo, tofauti na dosa, ile chapati nyembamba ya mchele, haihitaji kuachwa iumuke. Siku za sikukuu alipika pulihora, yaani wali uliochanganywa na ukwaju na manjano, ukamiminiwa mafuta ya moto yenye mvuje na haradali iliyopasukapasuka. Choroko, ukwaju na manjano tunavyo majikoni mwetu. Tafadhali chapisheni mapishi hayo, na ukwaju msiupunguze.

Msomaji wako,
Dar es Salaam