Fomu ya Furaha

Edmonton, 9 Mei 2026

Mama Baraka mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, theluji ndiyo kwanza imekwisha. Simu yako ya juzi ilinikuta kazini, na kwa kuwa kuna jambo limenikaa kooni, nimeona nikuandikie.

Furaha amechaguliwa kukimbia mita 800 timu ya shule. Ungemwona! Ameshanipita kimo, mabega ni yale yale ya marehemu baba yake mkubwa. Wiki iliyopita akaniletea fomu nitie sahihi kwamba alizaliwa msichana. Maharage yanachemka, mimi nimeshika kalamu, naye ananiuliza, "Mama, kwani wananionaje?"

Ni sheria ya jimbo letu hili la Alberta, huku Kanada. Ilipitishwa Desemba 2024, ikaanza kazi Septemba 1, 2025. Mashindano ya wasichana, kuanzia miaka 12, ni ya waliosajiliwa wa kike walipozaliwa, ili waliobadili jinsia wasiingie humo. Desemba iliyopita bunge likaikinga kwa kifungu cha katiba, mahakama isije ikaifuta.

Sikufichi, hoja ya usawa naielewa. Mvulana akishabalehe hupata misuli ambayo msichana hana, nami sitaki mwanangu aonewe uwanjani. Ila mtu akipeleka malalamiko rasmi, mtoto anadaiwa hati ya usajili wa kuzaliwa. Sasa nani atashukiwa kwanza, kama si huyu wangu mrefu mwenye kasi? Kule Utah, Marekani, mwaka 2022, wazazi wa walioshindwa walimlalamikia binti mmoja, rekodi zake zikafukuliwa mpaka za chekechea. Alikuwa msichana tangu mwanzo. Na gavana wao, Spencer Cox, alipoikataa sheria kama hii ya huko, alisema katika wanafunzi 75,000 wa sekondari wanaocheza michezo, waliobadili jinsia ni 4, anayecheza na wasichana ni 1. Wabunge wakaipitisha vivyo hivyo. Huyo mmoja nimemuwaza sana. Naye ana mama.

Unakumbuka mita 800 za wanawake, Olimpiki ya Rio 2016? Saa tisa usiku, redio yako, jirani zetu Warundi wanamshangilia Niyonsaba wao kwa medali ya fedha, na Wambui wa Kenya akachukua shaba, wote nyuma ya Semenya wa Afrika Kusini. Furaha alikuwa na miaka mitatu, amelala mgongoni mwako. Wale hawakubadili chochote, walizaliwa na kulelewa wasichana. Lakini mwaka 2019 kanuni za shirikisho la riadha duniani kuhusu homoni za kiume mwilini zikawatoa kwenye hizo hizo mita 800, labda wakubali kutumia dawa za kuzishusha. Ndiyo maana siwezi kuiona fomu hii kama karatasi tu.

Nimesaini. Ila cheti cha kuzaliwa sina, unajua karatasi zetu zilivyopotea kambini. Hati za safari zimeandikwa kuwa alizaliwa Januari mosi, ilhali wewe ndiye uliyenisindikiza hospitali kumzaa mvua ya Aprili inatunyeshea. Ile kadi yake ya kliniki nilikuachia katika bahasha ya kaki, pamoja na picha. Kama bado ipo, ipige picha pande zote mbili, pale palipoandikwa KE paonekane vizuri, unitumie kwa WhatsApp. Kadi yenyewe usimpe mtu, nitakuelekeza namna ya kuituma. Mbio ni mwisho wa mwezi.

Msalimie Baba Baraka na watoto wote.

Wako,
Mama Furaha